Mshono wa Nyumba Yetu

Kabla sijawa chochote kingine nilikuwa fundi wa lumbesa. Nasema fundi kwa sababu ndivyo nilivyoitwa, na wakati ule nilipenda kuitwa hivyo. Mnunuzi wa vitunguu hulipia gunia. Gunia lina mdomo, na mdomo ulipaswa kuwa ndio mwisho wake, lakini kwetu kazi yenyewe ilianzia hapo. Unajaza hadi ukingoni, unapanga vitunguu vingine kuzunguka, unapandisha ngazi ya pili na ya tatu, unafunika kwa kipande cha neti, kisha unashona huku mwenzako amekumbatia ile nundu isimwagike. Ukimaliza, gunia lina kichwa kinachokaribia nusu ya tumbo lake. Mnunuzi analipia tumbo. Kichwa anapewa bure, na aliyekishona ni mkulima mwenyewe.

Kijiji chetu kiko bondeni, chini ya barabara kuu, ukitoka Mikumi kuelekea Iringa. Tunalima kwa maji ya mfereji, kila mtu na zamu yake. Abiria wa mabasi wakiona magunia yetu yamesimama kando ya lami na vichwa vyake, hutoa simu wakapiga picha. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza kile kichwa ni cha nani. Na haya si mambo ya enzi za babu. Simu zilikuwa zimejaa kijijini, bei ya Dar es Salaam tuliijua kabla ya chai ya asubuhi, na serikali ilishapiga marufuku lumbesa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji mpaka likafifia kwa jua, na malori ya fuso yalipita mbele yake yamejaa vichwa.

Kushona nilifundishwa na mama. Yeye alifundishwa na baba yake, aliyekuwa kibarua wa mkonge upande wa Kilosa, kazi yake ghalani, kufunga marobota ya katani. Mshono wake ulikuwa wa nyuzi mbili zinazopishana, na kila baada ya hatua tatu unapiga fundo, ili uzi ukikatika mahali pamoja pengine pasifumuke. Wenzetu kijijini walishona moja kwa moja, harakaharaka. Gunia la nyumba yetu ulilitambua hata likiwa juu ya fuso linaloondoka. Nilijivuna kwa hilo, na mbele ya wasichana wenzangu nilijivuna kupita kiasi.

Mama ndiye aliyeniharibia majivuno hayo. Mchana mmoja aliyafumua magunia yake mawili niliyokuwa nimeyashona asubuhi, akaondoa vichwa peke yake, akavimimina kwenye gunia tupu. Likakaribia kujaa. Alilitazama, mikono kiunoni.

"Hili tumemlimia mtu asiye na jembe," alisema. "Tukafyeka ardhi kwa ajili yake, tukampa na maji."

Toka siku hiyo hakunyamaza. Alikuwa na hoja moja iliyonikera kwa sababu ilikuwa kweli: kila msimu tulisogea hatua kadhaa kuelekea mtoni ili kupata vitunguu vya kujazia vichwa. Miti ya ukingoni ilikuwa imekwisha. Mvua zikija, ukingo ulibomoka na kwenda na majaruba yetu, vile vitalu vya vitunguu, nasi tukasogea tena, na wenzetu wa bonde la chini walikuwa wakiyapata maji yakiwa yamebaki tope. Mama alisema tukipimiwa haki yetu tutalima kidogo na mto utapumua. Baadhi ya watu walimwona ana maneno mengi kwa mwanamke aliyeishia darasa la saba.

Lakini wanawake wa kikundi chetu cha vitunguu walimchagua kuwa mwenyekiti, na msimu uliofuata wakakubaliana naye. Hakuna atakayeuza gunia la kichwa. Magunia yote yatashonwa bapa, mdomo kwa mdomo, au vitunguu vibaki vichanjani. Kikao kilifanyika kwenye baraza ya shule, na mmoja wao ndiye aliyetoa wazo la sindano. Alikuwa rafiki mkubwa wa mama, nami nilimwita mama mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alisema neno la mdomo ni jepesi, kila mtu asalimishe sindano yake ya gunia kwa mwenyekiti, na siku ya kushona bapa tutashona wote pamoja, hadharani. Sindano zikatumbukizwa moja moja kwenye kopo la maziwa ya unga. Mama alilipeleka nyumbani akaliweka chini ya kitanda chake. Yangu nilitumbukiza nikicheka.

Nilikuwa na sababu ya kuchangamka. Mwaka ule nilikuwa nimekodi kipande changu cha kwanza, robo eka, mbali na shamba la mama. Nilitaka kuonekana mtu mzima. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo kila mkulima wa bonde letu analijua na bado kila mwaka kuna anayelifanya.

Kitunguu kikikaribia kukomaa hunyimwa maji. Majani yanalala, shingo inanyauka, ngozi inakauka na kufunga, na hapo unaweza kukiweka kichanjani wiki nyingi kisikusumbue. Mama aliniambia nifunge maji mapema. Nilimjibu ndiyo mama. Kisha nikaenda shambani, nikaona vitunguu vya jirani yangu vimejaa mkono, vyangu bado vidogo, nikaendelea kumwagilia hadi karibu na siku ya kung'oa. Vilinenepa kweli. Niling'oa vitunguu vikubwa vya kupendeza macho, shingo zake laini, maji yamejaa ndani. Kwa lumbesa vingefaa sana, maana kichwa hujazwa haraka na vitunguu vikubwa na kuondoka siku hiyohiyo. Kwa kusubiri havikufaa kabisa, na tulikuwa tumekubaliana kusubiri.

Dalali alikuja na fuso lake akaegesha njia panda. Mama na wenzake wakamweleza msimamo. Hakubishana.

"Hakuna shida, mama zangu," alisema. "Mimi nasubiri."

Akawa anakula chipsi mayai kibandani, anachaji simu, anasalimia kila apitaye, shikamoo kwa wakubwa, vipi kwa vijana. Siku ya tatu tulijua anatusubiri tuoze. Lakini vitunguu vya wanawake wale vilikuwa vikavu, vimeanikwa vizuri chini ya nyasi, na vingeweza kukaa muda mrefu kuliko subira yake. Mama alipita kichanja hadi kichanja akivigonganisha viwili viwili asikie mlio. Kwangu hakupita. Aliamini nilifunga maji kama nilivyomwambia.

Harufu ilianza wiki ya pili. Nilikuwa nikienda kichanjani kwangu asubuhi kabla ya wengine, nageuza vitunguu, natoa vilivyolainika, navifukia pembeni. Kila asubuhi shimo lilijaa zaidi. Ningesema, wangenisaidia. Wangenicheka kidogo, kisha wangevigawana, wangevipika, wangevipeleka gulioni Mikumi kwa mafungu. Hilo nalijua sasa, na nadhani nililijua hata siku zile. Ila ningelazimika kusema mbele ya mama mdogo na wote kwamba binti wa mwenyekiti hajui hata kukausha kitunguu. Niliona aibu hiyo kuwa kubwa kuliko kuvunja neno. Hata leo nashangaa mizani yangu ilikuwa ya aina gani.

Kisha mzee mmoja akafariki ng'ambo ya mto. Kwetu msiba hauna mwaliko. Asubuhi wanawake wote walijifunga khanga, wakachukua sufuria na unga, wakavuka kwenda kupika na kukaa na wafiwa. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Lala," alisema. "Uji uko jikoni."

Sauti zao zilipopotea kule mtoni nikainama chini ya kitanda chake, nikavuta kopo. Sindano yangu nilikuwa nimeizungushia uzi mwekundu, sikupata shida kuijua.

Nilimpigia dalali simu, akaja na wapakiaji wawili. "Unajua sichukui bapa, dada," alisema. Nikamwambia najua. Mpakiaji mmoja akakumbatia nundu, nami nikaanza. Sikuwa nimeshika sindano kwa wiki kadhaa. Nitasema kweli, kwa kuwa ndilo jambo linaloniumiza zaidi: nilifurahi. Mikono ilikumbuka kazi yake, nyuzi zikapishana, fundo likakaa pale linapotakiwa kukaa, na vichwa vilivyokuwa vinaoza chini kwa chini vikasimama vizuri vikinukia vitunguu vibichi. Nilishona magunia yote saba bila kupumzika, na sikufikiri hata mara moja kubadilisha mshono. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa kazi yake hafikirii kuificha.

Niliirudisha sindano kwenye kopo. Nikaenda njia panda kupokea malipo yangu.

Fuso lilikuwa limekwama. Mfereji ulivujia pale kila siku, na tairi la nyuma lilikuwa limezama kwenye tope wakati wa kugeuza. Wapakiaji walikuwa wanatafuta mawe. Nami nilikuwa nimesimama palepale ubavuni mwa gari, pesa zimeshaingia kwenye khanga, wanawake walipotokea kwenye njia ya mtoni, masufuria kichwani, wamerudi mapema kwa sababu marehemu alizikwa kabla ya adhuhuri.

Hawakuniona kwanza. Waliona magunia. Mama mdogo alitua sufuria lake chini, akasogea, akagusa gunia la pembeni kwa vidole viwili. Akafuata uzi mpaka kwenye fundo, akahesabu hatua tatu, akakuta fundo jingine.

"Huu mshono ni wa nyumba ya dada," alisema. Akaliachia gunia, akamalizia, "Na sindano ziko kwa dada."

Wote walimgeukia mama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Ningeweza kusema mimi, neno moja tu, na mdomo niliufungua kabisa, hewa ikaingia, haikutoka na kitu.

Mama alilisogelea gunia. Hakunitazama. Aliinamisha uso karibu na neti, na najua alinusa, kwa sababu nilimwona akifumba macho kidogo. Kwa pumzi ile moja alielewa yote, maji niliyoendelea kumwagilia, shimo nililokuwa nikifukia kila asubuhi, na kichwa changu kilichouma.

"Nimeshona mimi," alisema. "Alfajiri, kabla hamjanipitia."

"Vitunguu vya nani?"

"Vya nyumba yangu. Vilianza kuoza."

"Vya kwako havijawahi kuoza, dada."

"Mwaka huu vimeoza."

Hakuna aliyepaza sauti. Mmoja alicheka kwa pua, basi. Dalali alijua ukweli wote. Alinitazama mara moja akageukia tairi lake. Nilidhani hawatamwamini. Mtu anayewaamsha wenzake kuhusu haki, anayepita vichanjani kugonganisha vitunguu, ndiye akashone alfajiri kwa siri? Lakini walimwamini, tena upesi. Tumezoea. Mgawa maji hujimwagilia kwanza, mbolea ya ruzuku huishia kwa jamaa wa mwandikishaji, na anayetuambia tusubiri mara nyingi huwa ameshakula. Uongo wa mama ulifanana na kila kitu tulichowahi kuona, kwa hiyo haukuhitaji ushahidi.

Jioni ileile, jua likiwa bado juu ya milima, walikuja mmoja mmoja kuchukua sindano zao. Walibisha hodi, wakakaribishwa, wakasema wamefuata kitu chao. Mama aliketi mlangoni na kopo mapajani, akampa kila mmoja yake. Mama mdogo alikuja mwisho. Alipokea sindano bila kuketi, na alipoondoka hakusema kwaheri. Wale wawili walikuwa wamelima bega kwa bega tangu kabla sijazaliwa. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinashona vichwa.

Nilimwambia mama nitakwenda kusema. Nililia, nikamshika miguu. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, huku anachambua maharage.

"Utamwambia nani?" aliuliza. "Ukisema leo, mimi nitakuwa mwongo mbele yao, na neno litakuwa limevunjika vilevile."

"Lakini mama, si kosa lako."

"Wewe una miaka mingi mbele yako ya kukodi shamba katika bonde hili. Aliyevunja neno hapewi shamba, wala hapewi zamu ya maji. Mimi shamba ni langu, hawawezi kuninyang'anya." Akatupa punje mbovu. "Na ungefunga maji nilipokwambia."

Hilo ndilo karipio pekee nililopata. Natamani angenichapa.

Kuhusu shamba alikuwa sahihi, hawakumnyang'anya. Kuhusu maji alikosea. Orodha ya zamu ilipopangwa upya aliwekwa mkiani, baada ya watu wote, na maji ya mkiani hufika yakiwa yamechoka, siku nyingine hayafiki. Vitunguu vinataka maji ya uhakika. Aliacha kulima vitunguu, akapanda kunde na mtama pale palipokuwa na majaruba bora kuliko yote ya kijiji. Vile alivyokuwa navyo kichanjani msimu ule dalali hakuvichukua kwa sababu mama alikataa kuviwekea kichwa. Alivigawa, vingine akavipeleka kwa wafiwa wa ng'ambo ya mto. Uenyekiti ulikwenda kwa mama mdogo.

Mimi nilibaki na zamu yangu, katikati ya mfereji, mahali pazuri. Nilikodi robo nyingine. Niliendelea kushona lumbesa misimu minne, maana kila mtu alishona. Nilibadilisha mshono tu. Nilijifunza ule wa moja kwa moja, wa harakaharaka, ili gunia langu lisitofautiane na la mtu yeyote.

Mizani ilikuja mwaka juzi. Sitadharau kazi iliyofanyika, mama mdogo aliihangaikia kweli. Alikwenda Kilosa mara zisizo na idadi, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi, akarudishwa, akaenda tena, mpaka tukapata kituo chenye paa la bati na mizani ya kusimama, na amri kwamba fuso lisilopima halivuki daraja letu. Sasa tunauza kwa kilo. Watu wawili wa upande wa mtoni wameacha majaruba yao ya ukingoni na kupanda miti, kwa kuwa hawana haja nayo tena. Ni yale maneno ya mama, neno kwa neno, yakitembea kijijini bila yeye.

Siku ya uzinduzi alikuja afisa kutoka wilayani. Tulitandika mikeka, viti vikawekwa kwa wageni. Mama alikuja pia, amejitanda mtandio, akaketi mkeka wa nyuma miongoni mwa wanawake wazee. Sikumtarajia. Nilikuwa mkeka wa mbele, upande, mahali ambapo nikigeuza shingo namwona.

Mama mdogo alisimama akashika kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru afisa. Akasema watoto wanapaswa kujua kwamba hii si mara yetu ya kwanza kujaribu.

"Tulijaribu zamani tukashindwa," alisema. "Tulikuwa wamoja, tuna nguvu, yule dalali alikuwa amebakiza siku chache aondoke mikono mitupu. Tulishindwa kwa sababu ya tamaa ya mtu mmoja tuliyemwamini na sindano zetu zote. Simtaji, Mungu amsamehe. Leo hatumwamini mtu. Tunaamini mizani."

Hakumtaja. Hakukuwa na haja. Watoto wawili walioketi karibu nami wakageuka kutafuta ni nani.

Afisa alianza kupiga makofi, hakujua lolote, aliona ni hotuba nzuri. Viti vya wageni vikafuata, kisha mikeka. Niligeuza shingo. Mama alikuwa ameketi wima, uso umetulia, anapiga makofi pamoja na wenzake, taratibu, jinsi wazee wapigavyo. Macho yetu yakakutana. Aliinua kidevu kidogo kuelekea mbele, kunionyesha kwamba watu wananiangalia.

Nikageuka mbele, nikapiga makofi.